Bati la Peugeot 504: Lipi Litafutwe, Lipi Lifuliwe Upya

Swali: Msomaji wa Mombasa amerithi kwa marehemu babake Peugeot 504 saluni iliyoandikishwa mwaka 1976. Injini inawaka, lakini bodi imeliwa na kutu. Fenda zote mbili za mbele zimetoboka nyuma ya gurudumu na kando ya taa, milango imeoza sehemu ya chini, kizingiti cha chini ya milango upande wa kushoto kinabonyea kwa kidole, na tao la gurudumu la nyuma la upande huohuo limemegeka. Fundi wa kwanza amemshauri azibe kwa faiba na puti, fundi wa pili amejitolea kumfulia fenda mpya nzimanzima kwa nyundo, na binamu yake aliyeko Ufaransa yuko tayari kununua kila kitu huko na kukituma. Anauliza amsikilize nani.

Jibu:

Ndugu msomaji, kosa la washauri wako wote watatu ni moja, kwamba wanaizungumzia bodi kana kwamba ni kitu kimoja chenye dawa moja. Gari lako linahitaji kuamuliwa paneli kwa paneli, na kwa kila paneli kuna mambo matatu ya kuangalia: imefungwa kwa bolti au imechomelewa, umbo lake limepinda upande mmoja tu au limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na je, inabeba uzito wa gari au inafunika tu. Paneli ya bolti yenye mapindo mengi hutafutwa, paneli iliyochomelewa yenye mikunjo iliyonyooka hutengenezwa hapahapa, na ile iliyochomelewa yenye mapindo mengi hukatwa mahali palipooza peke yake ikatiwa kiraka kilichofuliwa kufuata umbo.

Kabla ya kufika huko, tenga siku moja ya kuchora ramani ya kutu. Chukua tochi, bisibisi ya zamani na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa ili isikwaruze rangi, upitie gari zima ukianzia chini. Mahali ambapo sumaku haishiki pana puti ya ukarabati wa zamani, na chini ya puti ya zamani mara nyingi hakuna bati la kutosha. Inua mazulia. Kama gari lako lina dirisha la paa linaloteleza, mimina maji kidogo kwenye mfereji wake uone yanatokea wapi, kwa maana mipira ya kutolea maji ikiziba au ikikatika, maji huishia ndani ya nguzo na vizingiti, na huenda ndiyo yaliyooza kizingiti chako kutoka ndani wakati chumvi ya bahari ikikila kutoka nje. Ukibadilisha bati bila kurekebisha njia ya maji, utairudia kazi hiyohiyo.

Tuanze na fenda za mbele, kwa sababu ndizo zilizozua ubishi. Katika 504 fenda hizi zimefungwa kwa bolti, hivyo kuziondoa na kuzirudisha si kazi ya kukata na kuchomelea. Lakini umbo lake ni gumu. Pale mbele, bati linazunguka taa isiyo ya duara wala ya mstatili kamili, linapinda kuja juu na wakati huohuo linapinda kwenda ndani. Kiwandani umbo hilo lilipatikana kwa kulikandamiza bati kati ya vyuma viwili vizito vilivyochongwa kwa ajili yake. Kwa mkono, fundi lazima alitanue bati katikati na kulifanya linywee pembeni, kidogo kidogo, akipima kila mara. Wapo mafundi wanaoliweza jambo hilo, na sitaki kumvunjia heshima fundi wako wa pili, ila malipo ya haki ya saa zake yatazidi bei ya fenda ya asili iliyo nzima, na ule mstari unaotoka kwenye taa hadi mlangoni ukiyumba kidogo tu, kila atazamaye gari kwa ubavu atauona. Fenda nzima isifuliwe ila pale ambapo ya asili haipatikani kabisa, na ya 504 bado inapatikana.

Inapatikana kwa sababu gari hili lilikuwa gari la kwetu. Lilizinduliwa mwaka 1968 na utengenezaji wa saluni barani Ulaya ulikoma mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuliunganisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na zile zenye bodi ndefu zilibeba abiria wa masafa marefu kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa kwa miaka mingi kabla ya Nissan kutawala barabara. Ndiyo maana mizoga ya 504 bado imelala nyuma ya gereji za bara, na mingi yake ni pikapu na stesheni-wageni, yaani zile zenye bodi ndefu. Jambo hilo lisikukatishe tamaa, kwani sehemu ya mbele ya magari hayo ilishirikiana kwa kiasi kikubwa na saluni, kwa hiyo fenda na boneti za pikapu zinafaa kukaguliwa. Milango ya nyuma ni habari nyingine. Umbali kati ya ekseli za saluni ni kama mita 2.74, na wa stesheni-wageni ni mita 2.90, na tofauti hiyo iko nyuma, kwa hiyo usinunue mlango wa nyuma bila kupima.

Tafuta bara kabla ya kutafuta Pwani. Gari lililokaa Nakuru au Isiolo huenda limegongwa na kunyooshwa mara kadhaa, lakini bati lake halikuvuta hewa ya chumvi. Uliza kwa wauza spea wa Grogan jijini Nairobi, na kama una jamaa Dar es Salaam, awaulize wa Gerezani na Kariakoo. Ila wauza spea huwa na taa na vipande vya injini kuliko fenda. Kwa fenda, mtu wa kuulizwa ni fundi bodi mzee wa mji mdogo ambaye bado ana Peugeot mbili tatu za wateja. Ukipata fenda, igeuze utazame upande wa ndani kabla ya kusifu upande wa nje. Ukingo unaopokea bolti uwe mzima, matundu yasiwe yamepanuliwa kwa moto, na fremu ya taa isiwe imepinda. Bonyeo katikati ya fenda si neno, hilo hunyooshwa. Kutu iliyotoboa kwenye ukingo wa bolti ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hapo ndipo nafasi kati ya fenda na mlango inapoamuliwa.

Ikiwa bara halikukupa kitu, ndipo binamu yako aingie kazini. Ufaransa kuna shirika la urithi wa kampuni yenyewe, L'Aventure Peugeot Citroën DS, ambalo pamoja na makumbusho yake ya Sochaux linahusika pia na vipuri vya magari ya zamani, na kuna wauzaji binafsi wa paneli zilizobaki ghalani tangu zamani pamoja na zinazonakiliwa upya. Paneli ya ghalani ya enzi zile hukaa vizuri kuliko nakala, hata ikiwa na kutu nyepesi ya juu. Nakala mara nyingi huhitaji matundu ya bolti kupanuliwa na kingo kunyooshwa. Argentina ilitengeneza 504 hadi mwaka 1999, na Nigeria iliendelea nayo Kaduna hata baada ya hapo, lakini magari ya miaka ya mwisho ya Argentina yalibadilishwa sura, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha paneli ya huko mwombe picha iliyopigwa pamoja na futi ya kupimia. Binamu yako asije akanunua paneli za 504 kupe au kabriole kwa kudhani ni mamoja, kwani hizo zilikuwa na bodi tofauti kabisa iliyojengwa na Pininfarina huko Turin. Mkumbushe pia kwamba kushoto na kulia huhesabiwa kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele, maana fenda zimekwisha kusafirishwa bahari nzima zikafika za upande usiotakiwa.

Gharama ya usafiri itakushangaza usipoihesabu mapema. Mizigo ya ndege hutozwa kwa ukubwa wa kifurushi pale ukubwa unapouzidi uzito, na hesabu inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 6,000. Fenda iliyofungwa katika boksi la sentimita 120 kwa 60 kwa 30 itatozwa kama kilo 36, ingawa yenyewe haifiki hata theluthi ya uzito huo. Fenda mbili zikipachikwa moja ndani ya nyingine hazichukui boksi mara mbili, na zikienda kwa meli ndani ya kontena la mizigo ya pamoja zitakuwa nafuu zaidi, ila utasubiri. Wazo la kuagiza 504 nzima iliyochakaa ili uichinje liondoe kichwani, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Kabla pesa haijatumwa, wakala wako wa forodha aambiwe ni kipuri gani na kimetumika au ni kipya.

Kizingiti ni kinyume cha fenda kwa kila hali. Hakionekani sana, umbo lake ni la mikunjo iliyonyooka, nacho kinabeba gari. Saluni ya 504 haina chesi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo chesi, na sanduku linalopita chini ya milango ni mojawapo ya mihimili yake. Hapa sikushauri kuagiza chochote. Karakana yoyote yenye mashine ya kukunja bati itakukunjia kizingiti kwa siku moja kutokana na kipimo ulichotoa kwenye upande mzima wa kulia. Tumia bati la geji 18, yaani milimita 1.2 hivi.

Ugumu wa kizingiti uko katika kukikata. Fundi akikata kizingiti gari likiwa limening'inia kwenye jeki moja katikati, gari litalegea, na baada ya kuchomelea litabaki hivyo hivyo, mlango usifunge tena maishani. Gari liwekwe juu ya stendi nne chini ya sehemu za ekseli, mahali pa usawa. Bomba la chuma lichomelewe kwa nukta kukingama uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Apime mshazari wa kila uwazi wa mlango kwa futi na aandike namba ukutani. Akate upande mmoja tu, tena kwa vipande, na kila anapofunga kipande arudishe mlango kwenye bawaba zake auone unavyokaa. Nafasi kati ya mlango na nguzo ikibaki sawa kutoka juu hadi chini, kwa milimita nne au tano, anaweza kuendelea. Ndani ya sanduku kuna bati la pili ambalo nalo huenda limeoza, na kiraka kizuri cha nje kilichoshikizwa kwenye bati la ndani lililooza ni udanganyifu unaosubiri matuta.

Tao la gurudumu la nyuma ndilo litakalopima ustadi wa fundi wako wa pili, na hapo ndipo ningempa nafasi. Fenda ya nyuma haina bolti. Imechomelewa pamoja na nguzo na paa, na kuibadilisha yote kwa sababu ya tao lililooza ni kuharibu bati zuri. Kinachohitajika ni kipande cha upinde chenye kimo cha sentimita kumi au kumi na tano, na umbo lake unalo tayari upande wa kulia, likiwa limegeuzwa. Bandika karatasi ngumu juu ya tao zima, lichore, ulikate, kisha uligeuze. Hiyo inakupa mstari, lakini haikupi tumbo la bati. Kwa tumbo, kata vipande vya mbao nyembamba vinavyofuata mpindo wa fenda kila baada ya sentimita kumi, uviandike namba, na fundi avisimamishe juu ya kazi yake kila anapopiga nyundo. Kama pande zote mbili zingekuwa zimeoza, ungeomba gari la mwenzako, ulipake nta, na kuweka tabaka mbili za faiba juu ya tao lake ili upate kalibu. Mafundi wa boti za faiba wa Pwani wanalifanya jambo hilo kila siku, na hapo ndipo faiba inaposaidia kweli, yaani kama kipimo.

Lile bati lenyewe hufuliwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga kwa nyundo ya mbao, kisha hulainishwa juu ya chuma, ambacho kwa mafundi wetu wengi ni kipande cha reli kilichosuguliwa kikang'aa. Ukingo wa chini unaogeuka kuingia ndani ya tao ndio mgumu, kwani bati likikunjwa kufuata upinde lazima ama litanuke ama linywee. Fundi asiyejua atakata meno meno kwenye ukingo ili ukubali kupinda, kisha azibe mapengo kwa puti. Mwambie mapema kwamba hutaki meno. Afue ukingo kidogo kidogo juu ya ubao mgumu uliochongwa kwa upinde huo, na apitishe moto wa gesi pale tu bati linapokataa.

Bati la kutumia kwa tao na milango ni la geji 20, yaani milimita 0.9, chuma laini chenye uso mwororo. Wafanyabiashara wa bati wa Kamukunji jijini Nairobi wanalo, na Mombasa pia lipo. Lile jeusi lenye magamba hufaa kwa mageti na masanduku. Mabati ya kuezekea usiyakubali hata ukipewa bure. Ya geji 30 ni ya unene wa thuluthi ya milimita, ni magumu hivi kwamba hupasuka badala ya kutanuka, na zinki iliyoyapaka hutoa moshi wa sumu yanapochomelewa na kuharibu mshono.

Kuhusu uchomeleaji, kataa kabisa vijiti vya umeme kwenye paneli za nje, kwa sababu moto wake unatoboa bati la milimita 0.9, na fundi akijitahidi kuziba matundu anayazidisha. Mashine ya migi (MIG), inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 inafaa, mradi aweke nukta, aruke mbali, aweke nyingine, na kuendelea hivyo hadi nukta zikutane, huku bati likipoa katikati. Gesi ya oksijeni na asetilini huacha mshono laini unaokubali nyundo, lakini hutandaza joto na kulipindisha bati, kwa hiyo ni ya mkono uliozoea. Viungo vya paneli za nje viwe kingo kwa kingo. Ukipandisha bati juu ya bati unaacha mfuko wa unyevu, na kwa hewa ya Mombasa utaona mstari wa kutu ukijichora kwenye rangi baada ya muda mfupi. Kwenye kizingiti, ambako kiwanda kiliunganisha kwa nukta, nukta za zamani zitolewe kwa drili ya milimita 8, na bati jipya lichomelewe kupitia matundu kama hayo, baada ya nyuso zinazokutana kupakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ya zinki inayostahimili moto. Kabla ya cheche ya kwanza, betri ifunguliwe na tangi la petroli litolewe lipelekwe mbali na kazi. Sijaona sababu ya kufupisha hatua hiyo.

Milango haihitaji maelezo mengi. Ikiwa fremu ya ndani ni nzima na ngozi ya nje imeoza sentimita ishirini za chini, ikatwe hapo, kipande kipya kikunjwe kuizunguka fremu, na mshono upitie mahali ambapo bati limenyooka. Ikiwa fremu nayo imeoza, tafuta mlango mwingine, maana milango ya mbele ni rahisi kupata kuliko fenda. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi. Mafundi wa rangi huyaziba bila kukusudia, na mlango huanza kuoza upya siku hiyohiyo.

Sasa fundi wa kwanza na puti yake. Puti ina kazi yake halali, nayo ni kusawazisha uso ambao nyundo imeshaufikisha karibu kabisa, kwa unene usiozidi milimita mbili au tatu. Kuitumia kama bati ni kujidanganya, kwa sababu inanyonya unyevu, na ikiachwa wazi bila praima kwa siku kadhaa katika hewa ya Pwani huanza kukaribisha kutu chini yake. Mwambie fundi atangulize praima ya epoksi juu ya chuma kitupu, puti ije juu ya praima hiyo, na koti jingine la praima lifunike puti siku hiyohiyo. Faiba kwenye kizingiti siikubali hata kwa muda, kwani inaficha ubovu wa kiungo kinachobeba gari, na mtu wa kwanza kuugundua atakuwa ni yule anayeliinua kwa jeki.

Patana na fundi wako wa pili kwa paneli, usipatane naye kwa siku, na umnunulie bati wewe mwenyewe. Katika mapatano andika kwamba utaona kila kiraka kikiwa chuma kitupu kabla hakijaguswa na puti, na kwamba malipo ya mwisho ya kila paneli yanafuata ukaguzi huo. Fundi mzuri hufurahia sharti hilo, kwa kuwa kazi yake inaonekana. Vipande vilivyokatwa visitupwe hata kama vimebaki nusu, maana ndivyo kipimo cha pekee cha mkunjo wa asili, navyo viwekwe hadi rangi ikauke.

Utaratibu wa kazi uwe hivi: kizingiti kwanza, tao la nyuma liwe la pili, kisha milango, na fenda za mbele ziwe za mwisho, kwa sababu fenda hurekebishwa kufuata mlango, na mlango hurekebishwa kufuata nguzo. Fenda ulizonunua, ziwe za Nakuru au za Ufaransa, zifungwe kwenye gari zikiwa hazijapakwa rangi, boneti na milango ikiwa mahali pake na taa zikiwa zimeingizwa, na hapo ndipo matundu yarekebishwe. Muuzaji hatapokea tena fenda iliyokwisha kupakwa rangi. Yote yakikaa sawa, yafunguliwe, yapakwe rangi upande wa ndani kwa uangalifu uleule wa upande wa nje, na baada ya rangi ya nje kukauka fundi apulize nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, ndani ya milango na nyuma ya fenda kwa mpira mwembamba unaofika kwenye kona. Binamu yako akiwa bado dukani, anunue pia raba za milango na za vioo pamoja na kile kibati kidogo kinachoshikilia fremu ya taa, kwani vitu hivyo vinaingia katika boksi la fenda bila kuongeza kipimo chake.